Dhiki Haitungi Mashairi

Kijana akiachwa na mchumba wake, kisha akatoa wimbo ukapendwa mitaani, hukosi kumsikia mtu akisema kwamba maumivu ndiyo yaliyomtoa. Mshairi akifiwa, tunasubiri kuona atatunga nini. Msanii akifa maskini, kaburini tunazisifu shida zake kana kwamba ndizo zilizompa kipaji. Imani hii nimeisikia kwa wanafunzi wa fasihi na kwa watangazaji wa redio. Nimeisikia pia kwa wazazi wanaomnyima mtoto ada ya kujifunza muziki, hoja yao ikiwa kwamba msanii wa kweli hufundishwa na dunia. Ina sura ya heshima, ndiyo maana inadumu. Mimi naikataa, na kitabu kinachonipa nguvu ya kuikataa ni kile kile ambacho wengi hukitaja wanapoitetea: Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla.

Kisa chenyewe kinajulikana, lakini mara nyingi husimuliwa nusu. Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968 alikuwa kijana wa miaka 22, mfanyakazi wa idara ya uhasibu katika Baraza la Manispaa ya Mombasa, na mfuasi wa Kenya People's Union, chama cha upinzani cha Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi wa serikali za mitaa. Wagombea wa KPU walienguliwa kwa wingi kwa madai kwamba fomu zao hazikujazwa inavyotakiwa, na wa chama tawala, KANU, wakapita. Abdilatif akaandika waraka alioupa jina la Kenya: Twendapi?, ukasambazwa kwa siri. Alikuwa akiwauliza Wakenya, miaka mitano tu baada ya uhuru, kama huku wanakopelekwa ndiko walikokusudia kwenda. Desemba akakamatwa. Mwaka 1969 mahakama ikamtia hatiani kwa uchochezi, ikampa kifungo cha miezi 18. Serikali ikakata rufaa ikidai adhabu hiyo ni ndogo mno, nayo ikaongezwa hadi miaka mitatu. Alitoka mwaka 1972.

Aliwekwa katika magereza ya Kamiti na Shimo la Tewa, na sehemu kubwa ya kifungo chake alikuwa ametengwa na wafungwa wengine. Hakuruhusiwa kuandika. Aliandika kwenye karatasi za chooni, na karatasi hizo zikatoka gerezani kwa msaada wa askari jela aliyemhurumia. Mwaka 1973 Oxford University Press ya Nairobi ikayatoa mashairi hayo kuwa kitabu. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi huishia. Mtu aliteswa, akatunga, akashinda. Anayesikiliza anaondoka akiamini kwamba chumba kile cha Kamiti ndicho kilichozaa mashairi.

Turudi nyuma kidogo. Abdilatif alilelewa na Ahmad Basheikh, mzee wa ukoo wake aliyekuwa mwalimu na mshairi. Kaka yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ndiye mwenye Malenga wa Mvita, diwani iliyochapishwa mwaka 1971. Katika mji waliokulia, shairi halikuwa pambo la sherehe peke yake. Watu walishitakiana kwa shairi, wakaposa kwa shairi, wakagombana na kusuluhishwa kwa shairi, na mshairi Muyaka bin Haji wa mwanzoni mwa karne ya 19 bado alikuwa akitajwa kama mtu aliyeondoka juzi. Mtoto wa nyumba kama ile anajifunza mizani kabla hajajua kwamba inaitwa mizani. Akikosea kina, mtu mzima atamrekebisha pale pale, mbele za watu. Na Abdilatif hakusubiri jela ili awe mtunzi. Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, kazi ndefu inayohitaji pumzi, aliutunga kabla ya kukamatwa, na ulichapishwa mwaka 1971 mwenyewe akiwa bado kifungoni.

Kwa hiyo siku mlango wa chuma ulipofungwa, aliyefungiwa ndani alikuwa mshairi aliyekwisha kufundwa. Hili si jambo dogo. Fikiria anavyofanya kazi mtu asiye na daftari. Shairi la tarbia lina mishororo minne kila ubeti, kila mshororo una mizani 16, nane kila upande, na vina vya kati na vya mwisho vinafungana kutoka mshororo hadi mshororo. Kwa mwanafunzi wa sekondari sheria hizi huonekana kama pingu. Gerezani zilikuwa kinyume chake. Ubeti uliopimwa hivyo unaweza kutungwa kichwani, ukarudiwa usiku kucha, na neno likipotea sikio linagutuka kwa sababu hesabu haitimii. Naamini arudhi ndiyo iliyoyalinda mashairi yale mpaka karatasi ilipopatikana, na arudhi hakuipata kwa askari wala kwa hakimu. Aliipata nyumbani.

Tazama pia alichokitunga. Mtu anayeamini kwamba maumivu hujiandika yenyewe atatarajia kilio kirefu cha mfungwa. Kilio kimo, siwezi kukikana, na lipo shairi la Kuno Kunena linalouliza kama kusema ndiko kulikomfikisha hapo. Lakini yumo pia mamba anayejivunia meno yake na kusahau kwamba naye ana siku yake. Limo jipu linaloiva taratibu, na msomaji wa Kenya ya wakati ule hakuhitaji kuelezwa lilikuwa jipu la nani. Kuna Mnazi: Vuta N'kuvute, majibizano ya ndugu wawili wanaogombea mnazi, kila mmoja na hoja zake, kila mmoja na sauti yake. Huyu ni mtu aliyekaa peke yake ndani ya kuta nne, hana wa kuzungumza naye, anatunga mabishano ya watu wawili na kumpa kila mmoja haki ya kusikika. Chuki haimfikishi mtu hapo. Kinachomfikisha ni ustadi, na desturi ya kujibizana ambayo Waswahili wameilea kwa karne nyingi.

Halafu wahesabu wengine. Kamiti na Shimo la Tewa zilikuwa na mamia ya wafungwa katika miaka ile. Walilala chini kama yeye, walikula chakula kile kile, waliwakosa watoto wao, na wapo waliofungwa kwa kuonewa kuliko yeye. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sina haki ya kupima maumivu yao. Ila kama dhiki ingekuwa mama wa sanaa, maktaba zetu zingejaa diwani kutoka kila seli. Tunayo moja ya kiwango kile. Wengine walitoka wakiwa wagonjwa, wakiwa walevi, wakiwa kimya, na baadhi hawakutoka.

Mtetezi wa imani ya zamani atanijibu kwamba Abdilatif alipoachiwa hatukupata tena kutoka kwake diwani yenye uzito wa ile, na kwamba hiyo inaonyesha dhiki ilipokwisha, chemchemi ilikauka. Ni hoja nzito, nami nimeifikiria sana. Lakini dhiki yake haikwisha mwaka 1972. Alilazimika kuihama nchi yake. Alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kisha London, katika idhaa ya BBC na jarida la Africa Events, kisha Leipzig, Ujerumani, alikofundisha hadi alipostaafu mwaka 2011. Uhamisho ni dhiki, na uhamisho wake ulikuwa mrefu kuliko kifungo. Ingekuwa maumivu ndiyo yanayotunga, miaka ile ingetupa diwani kumi.

Jela ilimpa kitu, nakubali. Ilimpa jambo lililokuwa lazima lisemwe, na ikamwondolea kila sababu ya kuliahirisha. Kwa mtu aliyekuwa tayari, hilo lilitosha. Namna ya kulisema alikuwa ameingia nayo mlangoni.

Ngũgĩ wa Thiong'o alipopelekwa Kamiti mwishoni mwa mwaka 1977, bila kushitakiwa, kwa sababu ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulioigizwa Kamĩrĩĩthũ, naye aliandika riwaya kwenye karatasi za chooni. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Shetani Msalabani. Lakini siku anaingia gerezani alikuwa tayari ameandika riwaya nne kubwa. Tunapenda sana kuzikumbuka karatasi za chooni. Riwaya nne tunazisahau.

Zamani zaidi ya hapo, huko Pate, yupo mwanamke ambaye kwangu mimi anafundisha jambo hili kuliko wote. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Seyyid Said wa Unguja. Mumewe alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa na akiona kwamba maradhi hayamwachii, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa beti 102. Alifariki karibu mwaka 1860. Utendi ule unafunguka kwa mama kumwita binti aje na wino na karatasi, na tangu hapo anaongea na mtoto kuhusu dini, adabu, nyumba na mume. Kuhusu ugonjwa wake anasema kidogo, kisha anaomba dua. Wasomaji wa leo, hasa wanawake, wanabishana naye kuhusu anayoyasema juu ya mume, na wana haki ya kubishana. Ila hakuna anayeweza kusema kwamba ugonjwa ndio uliomfundisha kutunga. Alikuwa mwanamke msomi wa mji wa washairi. Ugonjwa ulimwambia tu kwamba muda umebaki mchache.

Shaaban Robert alimpoteza mkewe Amina wakati watoto wao wangali wadogo, na shairi alilolipa jina la marehemu ni miongoni mwa maombolezo yanayosomwa zaidi katika Kiswahili. Wanaolisoma huona machozi. Mimi huona pia utulivu wake, jinsi kila ubeti ulivyokamilika bila pengo, na kuzaliwa upya kwa marehemu katika maneno ambayo hayajaparaganyika. Mtu hafanyi hivyo akiwa bado ameinama juu ya jeneza. Anafanya baada ya kunyanyuka, mkono wake ukiwa na mazoea ya miaka. Na tusisahau kwamba Shaaban alikuwa karani wa serikali. Alikuwa na mshahara, hata kama mdogo. Msiba haukumkuta akitafuta chakula cha jioni.

Jambo hili la mkono na msiba limewahi kuchunguzwa, japo mbali na kwetu. Kathryn Graddy, mchumi wa Marekani, na mwenzake walifuatilia maelfu ya michoro ya wachoraji mashuhuri wa Ufaransa na Marekani, wakilinganisha ile iliyochorwa baada ya mchoraji kufiwa na ndugu au rafiki na ile ya nyakati nyingine. Michoro ya mwaka wa kwanza wa msiba iliuzwa kwa bei ya chini, takriban asilimia 35, na ilikuwa na nafasi ndogo ya kuingia katika mkusanyiko wa makumbusho makubwa ya New York, Metropolitan. Bei si kipimo cha uzuri, nalijua hilo. Lakini kama huzuni ingekuwa inanoa mkono, hapo ingeonekana. Huko Sweden nako, kundi la watafiti lililoongozwa na Simon Kyaga lilipitia kumbukumbu za wagonjwa wa akili zaidi ya milioni moja. Watu wa kazi za ubunifu kwa jumla hawakuonekana kuugua kuliko wengine, isipokuwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Waandishi ndio waliokuwa hatarini zaidi, ikiwamo hatari ya kujiua. Na lililonigusa ni kwamba ndugu wazima wa baadhi ya wagonjwa hao, wenye damu moja nao lakini wasiougua, walionekana kwa wingi katika kazi za sanaa. Huenda kuna kitu cha asili wanachoshirikiana. Anayeweza kukifanyia kazi vizuri ni yule aliye na afya.

Turudi nyumbani, kwenye muziki, kwa kuwa hapa ndipo imani hii inapofanya madhara makubwa.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Aliuza vyungu mjini kwa kutembeza. Alidharauliwa kwa ukoo wake na kwa sura yake, na dharau hiyo ilimfuata hata alipokuwa maarufu. Tunapenda kuisimulia safari yake kama vile vyungu vilivyokuwa kichwani ndivyo vilivyompa sauti. Sauti alikuwa nayo, ila aliyemfungulia mlango wa taarabu ni Muhsin Ali, mwanamuziki aliyemsikia, akaketi naye, akamfundisha. Baadaye wapiga vyombo hodari walimzunguka, wakafanya naye mazoezi, na mwaka 1928 wakaenda Bombay kurekodi santuri ambazo zilinunuliwa pwani nzima. Bila Muhsin Ali, Unguja ingekuwa na muuza vyungu mwenye sauti nzuri, na leo hakuna ambaye angemjua. Ni wangapi walipita hivyo, vyungu kichwani, wasikutane na wa kuwafundisha?

Remmy Ongala naye. Alizaliwa Kindu, Congo, mwaka 1947, akawa yatima mapema, akahangaika. Aliimba juu ya mnyonge na juu ya kifo kwa namna ambayo ilimfanya mtu aache kucheza na kuanza kusikiliza, na hadi leo kipande kizima cha Sinza, Dar es Salaam, kinaitwa Kwa Remmy. Yatima alikuwa, kweli. Ila baba yake alikuwa mwanamuziki, na alipofika Dar es Salaam mwaka 1978 alikuja kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, bendi iliyokuwa na vyombo, na mazoezi, na jukwaa la kila wiki. Wanamuziki wa kizazi kile walikuwa na kitu ambacho wengi wa leo hawana: bendi za mashirika, za jeshi, za vijana wa chama, ambamo mtu alilipwa, akafundishwa na aliyemtangulia, akapiga kila mwisho wa wiki mpaka vidole vikajua njia. Zile nyimbo tunazoziita zilipendwa zilitoka katika mishahara ile na mazoezi yale. Tukiziita tunda la shida, tunawadhulumu waliozifanyia kazi.

Na dhuluma hiyo haiishii kwenye maneno. Jamii inayoamini kwamba njaa inamnoa msanii haina sababu ya kumlipa. Mwenye ukumbi atampigisha bure kwa ahadi ya kumtangaza. Mchapishaji atakaa na mswada miaka. Redio itapiga wimbo wake asubuhi na jioni bila kuuliza mirabaha inakwenda wapi. Shaaban Robert alikufa mwaka 1962 na kazi zake kadhaa zikiwa hazijachapishwa. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968, mwenyewe akiwa kaburini miaka sita. Wanamuziki wetu wengi ambao nyimbo zao ziliimbwa Afrika Mashariki nzima walizikwa kwa michango ya mtaani. Kila mara tulisema maneno mazuri.

Tanzania ina sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1999, na COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ilianzishwa kwa sheria hiyo. Kenya nayo ina sheria yake na vyama vyake vya kukusanya mirabaha. Kinachokosekana ni watu kulipa na fedha kumfikia mwenye kazi. Baa inayojaza wateja kwa nyimbo za Dokta Remmy inapaswa kuilipia kazi hiyo, sawa na inavyolipia umeme. Shule za sekondari zinazofundisha vina na mizani kutoka ubaoni tu zingewaita malenga walio hai waje darasani, ziwalipe nauli na posho, na wanafunzi watunge mbele yao na kurekebishwa papo hapo kama Abdilatif alivyorekebishwa nyumbani. Tuzo za uandishi wa Kiswahili zimeanza kuonyesha njia. Ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell inatoa fedha na kuchapisha vitabu, na Abdilatif Abdalla mwenyewe amekuwa mwenyekiti wa bodi yake ya wadhamini. Mtu aliyeandika kwenye karatasi za chooni ametumia uzee wake kuhakikisha waandishi wengine wanapata karatasi halisi, mhariri na malipo. Yeye anaijua dhiki kuliko sisi tunaoisifu, na hakuwaombea vijana waipate.

Kwa hiyo namwomba msomaji wa Jumapili hii jambo moja. Yupo msanii mtaani kwako, au kijijini kwenu, ambaye kazi yake unaijua na unaipenda. Usingoje tanzia. Nunua kitabu chake, lipa kiingilio cha onyesho lake, na kama una kijana mwenye sikio la muziki, mtafutie mwalimu mwezi huu huu.